Tumbo la Kochi

Kochi lilishushwa kutoka kwenye pikapu siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, na wanaume wawili waliokuwa wamegombana njia nzima juu ya nani kalishika vibaya. Walilibwaga mlangoni mwa karakana na kwenda zao, bado wanarushiana maneno. Misumari alikuwa amepiga magoti nyuma ya kiti cha mteja mwingine, nyundo mkononi, vimisumari vimejaa mdomoni. Aliinua macho mara moja tu. Kisha akavitema vyote kiganjani, kimoja kimoja, kwa sababu alijua angevimeza.

Jina hilo la Misumari alipewa hapo hapo kazini. Mafundi wa makochi wa kizamani hubana vimisumari kwa midomo ili mkono mmoja ubaki huru, na yeye, mwanamke peke yake kati ya mafundi watatu, alikuwa hodari wa jambo hilo kuliko wote. Fundi Mkubwa, mwenye karakana, mtu asiyemaliza dakika tano bila kumchokoza mwenzake, alizoea kusema kwamba ndiyo maana anampenda, ndiye mfanyakazi pekee asiyeweza kumjibu. Hakujua, au alijua akajifanya hajui, kwamba vimisumari hivyo vilikuwa vimemwokoa Misumari mara nyingi. Ukiwa na misumari kumi na miwili mdomoni huwezi kumtukana mtu, hata ukitaka.

Lilikuwa kochi la watu watatu, la rangi ya kahawia iliyopauka. Mgongoni lilikuwa na mishono minne mirefu ya uzi mweusi, kazi ya mtu asiyejua kushona. Misumari aliijua mishono ile. Hakuishona yeye. Yeye aliifanya kazi ya kabla yake, ile ya kisu.

Simu ikatoa mlio. Ujumbe ulitoka kwa dada yake. "Mdogo wangu, hilo kochi nimekupa. Litengeneze upendavyo, Chiriku apate pa kulala akihamia kwako. Mimi nimeshaagiza jingine."

Chiriku alikuwa binti yake Misumari, umri wake miaka kumi. Miaka mitatu sasa alikuwa akilelewa na mama yake mkubwa, yaani huyo dada. Jumamosi ya wiki iliyofuata, shule zikifungwa, angerudi kuishi na mama yake mzazi katika chumba kimoja chenye dirisha zuri. Siku hiyo haikuja kwa bahati. Ilikuja kwa Jumanne tatu nzima za kila mwezi kwa mshauri wa hospitali, kwa dawa zilizomvimbisha uso, na kwa kumtembelea mtoto Jumapili moja baada ya nyingine, saa mbili tu, sebuleni kwa dada, huku dada akipitapita na sinia lisilo na kitu. Hakuna kitu duniani Misumari alichokitaka kama Jumamosi ile.

Lakini aliposoma ujumbe hakuona zawadi. Alimsikia Yule.

Yule hakuwa jini wala mzimu, na Misumari hakuwa mjinga. Alijua fika kwamba Yule ni yeye mwenyewe. Daktari aliuita ugonjwa wa haiba ya mpakani, na mshauri akamweleza taratibu maana yake. Mtu akichelewa dakika tano, amekutupa. Umpendaye ni malaika asubuhi, na kufikia adhuhuri ni shetani, naye hajafanya lolote ila kukohoa vibaya. Hasira haipandi ngazi, inatokea juu ya paa. Na ikishapita, ndani hubaki patupu kiasi kwamba unatafuta kitu chochote, hata maumivu, ujue kama bado upo. Misumari alisikiliza yote hayo akatikisa kichwa, lakini moyoni alibaki na jina lake fupi. Yule. Alikuwa na mahali pake pa kusimama, nyuma ya bega la kushoto, na alikuwa na sauti ya chini, ya upole. Yule hakuwahi kupiga kelele hata siku moja. Kelele zilikuwa kazi ya Misumari, baadaye.

"Amekuletea aibu yako hadi kazini," Yule alisema. "Mbele ya bosi wako. Anataka mtoto alale juu yake kila siku, asije akasahau."

Na papo hapo dada akageuka. Dada yule aliyemlipia daktari, aliyemfuata hospitali na khanga safi, akawa mnafiki aliyepanga haya yote tangu mwanzo, akicheka chinichini. Damu ikamchemka Misumari mpaka masikio yakaziba. Vidole vikaanza kuandika.

Alisimama kwenye neno la tatu. Akaiweka simu ndani ya debe la springi, akachukua chaki ya kuchorea vitambaa na kipande cha turubai kuukuu, akaandika matusi yote pale, kwa herufi kubwa, mstari baada ya mstari. Hii ilikuwa desturi yake mwenyewe. Mshauri alipoisikia alicheka na kumwambia aendelee nayo. Alipomaliza alitoka nje akakung'uta turubai ukutani mpaka matusi yakawa vumbi jeupe kwenye viatu vyake.

"Leo gazeti lina kurasa nyingi," Fundi Mkubwa alisema bila kuinua kichwa.

"Toleo maalumu," Misumari akajibu.

Akalivuta kochi hadi kwenye meza yake.

Tusidanganyane, siku ile ya kisu haikuwa ajali. Miaka mitatu iliyopita Misumari na mtoto wake walikuwa wakiishi kwa dada. Jioni moja dada alikwenda kumuaga mwenzake wa ofisini aliyekuwa akistaafu, akazima simu. Misumari alimpigia mara thelathini na moja. Kufikia ya thelathini alikuwa na uhakika kwamba dada amehama, kwamba alikuwa amekwisha funga virago kwa siri. Akachukua kisu cha jikoni. Alianza na mkono wake mwenyewe, kisha akaligeukia kochi, pale mgongoni, mahali dada anapoegemea kila siku. Alilichoma mara nne na kuvuta kisu chini. Hakujua kwamba Chiriku, alipoona sura ya mama yake imebadilika, alikuwa amejibanza kati ya kochi na ukuta. Mtoto hakuguswa. Lakini aliiona ncha ya kisu ikitokeza upande wa pili, mara nne, karibu na uso wake. Alikuwa mtoto wa kuongea kutwa nzima, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Tangu siku hiyo aliongea kama anayepima sukari kwa kijiko.

Misumari akachukua koleo, akaanza kung'oa.

Makochi yana matumbo. Kila fundi anajua. Ukifumua kitambaa, kati ya fremu na springi utakuta kalamu, vifungo, pete, risiti, meno ya bandia. Mwaka uliopita mteja mmoja aliwasingizia kwamba wameiba hereni yake, na tangu hapo Fundi Mkubwa alitoa amri isiyo na mjadala, kwamba kilichomo tumboni kinawekwa kwenye kopo na kukabidhiwa mwenye kochi, mkononi, akishuhudia. Misumari alikuwa ameweka kopo lake miguuni kama siku zote.

Mshono wa nne ulikuwa umefumuliwa mwishoni, nafasi ya kupitisha vidole vitatu vyembamba, kisha uzi ukafungwa tena kwa fundo la kipepeo, kama la kamba za viatu. Dada hafungi hivyo. Misumari akalifungua, akaingiza mkono.

Alitoa kifurushi cha karatasi ya daftari, kimezungushiwa utepe wa gundi. Ndani mlikuwa na kisu kidogo cha kumenyea. Akatoa kingine, kilikuwa na mkasi wenye mpini wa njano. Kingine wembe. Kingine uma. Kingine kipande cha kioo, kimekunjwa mara nyingi kwa uangalifu ili kisimkate atakayekishika. Vilikuwa kumi na saba kwa jumla. Alivipanga mezani, na hapo ndipo alipoona kwamba kila karatasi ilikuwa na tarehe kwenye pembe ya juu kulia, kama wanafunzi wanavyoandika. Zilikuwa kurasa za hesabu. Katika moja mtoto alikuwa amepata nane kwa kumi.

Alichukua muda kuelewa zile tarehe. Zote zilikuwa Ijumaa. Ijumaa za kabla ya Jumapili zake.

Alikumbuka Jumapili hizo, moja moja. Chiriku ameketi wima kwenye kochi hili hili, mgongo wake umeligusa kabisa, anajibu maswali. Shule nzuri. Chakula nimekula. Misumari alikuwa akirudi nyumbani na furaha, akimwambia mshauri kwamba mtoto ameanza kumzoea. Kumbe mtoto alikuwa analinda. Kifurushi cha mwisho kilikuwa na bikari ya shule, na tarehe yake ilikuwa ya wiki iliyopita.

"Tupa," alisema Yule kwa upole. "Dada akiviona, Jumamosi hakuna. Tupa, nani atajua?"

Na alitupa. Msimuone malaika. Alivifunga vyote kumi na saba kwenye kitambaa, akavisukuma chini kabisa ya gunia la sponji mbovu, akarudi kazini. Alifanya kazi saa nzima bila kunyanyua uso. Alikata mikanda, akapima sponji mpya, akachagua kitambaa cha bluu chenye maua madogo ambacho mtoto wa kike angekipenda. Alianza kukipiga mgongoni, msumari baada ya msumari, akiwaza kochi litakavyokaa chini ya dirisha. Akamwona Chiriku siku ya kwanza, yuko peke yake chumbani na mama yake, anapeleka mkono mgongoni mwa kochi taratibu, anatafuta ule mwanya. Anakuta pamezibwa, pamekaza, hakuna hata pa kuingiza ukucha.

Atavificha wapi?

Misumari aliacha nyundo. Alikwenda kwenye bomba la uani, akaweka mikono chini ya maji mpaka ikafa ganzi, huku akitaja kwa sauti vitu alivyoviona, ndoo, kamba, tofali, paka, kama alivyofundishwa. Kisha akarudi akapindua gunia lote sakafuni.

"Tumbo lilikuwa na nini?" Fundi Mkubwa aliuliza, akisogea na utani wake tayari mdomoni. Akaviona. Aliviangalia, akamwangalia Misumari. Akamsogezea kopo kwa mguu.

Misumari akapiga simu.

"Kuna nini?" dada alisema mara moja. "Umeanza?"

Neno hilo lilimchoma kweli kweli. Akalimeza. "Sijaanza, dada. Kesho Chiriku akitoka shule mlete hapa kazini. Kuna kitu lazima mkione wote wawili."

Walifika Ijumaa saa tisa na nusu, mtoto na sare yake ya shule na mkoba mgongoni. "Shikamoo mama," alisema kutoka mlangoni, na macho yake yakaanza kuzunguka karakana. Mikasi ya inchi kumi na mbili, visu vya kukatia sponji, patasi, misumeno, vyote vimetundikwa ukutani. Misumari hakuwa amefikiria hilo. Alitamani ardhi impasukie. Fundi Mkubwa akakumbuka ghafla kwamba gundi imekwisha, ingawa madebe matatu yalikuwa nyuma yake, akatoka na fundi wa tatu kwenda kuinunua.

Misumari akaweka kopo juu ya fremu ya kochi, iliyokuwa uchi tena. Kitambaa cha bluu alikuwa amekibandua chote. "Hivi vilikuwa tumboni," akasema.

Dada akainama. "Mkasi wangu!" akapaza sauti. "Jamani, mkasi wangu! Nimenuniana mwaka mzima na jirani kwa ajili ya huu mkasi, hatusalimiani! Na kisu changu cha... " Hapo akaziona karatasi. Aliufahamu mwandiko. Akaketi juu ya kigoda bila kutazama kama kipo.

Chiriku alikuwa ameinamisha kichwa. "Sikuiba," alisema.

"Hukuiba, mwanangu," Misumari akasema. "Nataka kujua tu ulikuwa unaogopa nini. Sema lolote."

"Siku ile ulijikata wewe, halafu ukakata kochi," alisema mtoto. "Nikawa sijui safari nyingine utakata nini."

Dada alikuwa analia bila sauti, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kulia hovyo alikasirika nalo, akajifuta kwa nguvu. "Basi," alisema, akisimama. "Mtoto anabaki kwangu. Samahani mdogo wangu, lakini hilo halina mjadala. Usinianzie vurugu."

"Ndiyo," Misumari akasema. "Abaki."

Dada alikuwa ameshavuta pumzi ya kugombana. Hakujua aipeleke wapi.

"Anakupokonya," Yule akasema begani. "Umeona? Ulimkabidhi mwenyewe." Na ilikuwa kweli, alikuwa amemkabidhi mwenyewe, na lilimuuma kama jino linalong'olewa. Machozi yakamtoka Misumari mpaka shingoni. Hakuyaficha. Chiriku alikuwa amerudi nyuma hatua moja, ameshika mkanda wa mkoba kwa mikono miwili, anamtazama mama yake usoni. Alikuwa anangoja. Alikuwa anajua kinachofuata machozi, na alikuwa anakingoja kifike kiishe.

Hakikufika. Mtoto akaendelea kungoja.

"Siku nyingine nikija kwako," akasema mwishowe, "halafu ukakasirika sana, nikimbilie wapi?"

Misumari alitaka kusema hatakasirika. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. "Nitakasirika," akasema. "Siwezi kukudanganya. Lakini nikikasirika wewe hutakimbia popote. Nitatoka mimi, nisimame nje mpaka ipite."

Chiriku akafikiri. Uso wake ukabadilika, na hofu mpya ikaingia, tofauti na ile ya kwanza. "Ukitoka," akauliza, "utarudi?"

Misumari alishikilia meza. Swali lile lilikuwa lake. Alimuuliza baba yake huyu mtoto, akamuuliza kila mtu aliyewahi kufungua mlango akiwa yeye ndani, aliwauliza hata manesi waliokuwa wanakwenda tu kuchukua vipimo. Aliuliza kwa kilio, kwa matusi, kwa kisu. Na sasa limetoka katika mdomo mdogo wenye pengo la jino, kwa sauti ile ile.

"Nitarudi."

"Saa ngapi?"

"Dakika ishirini. Dakika ishirini zinanitosha."

Mtoto alimgeukia mama yake mkubwa. "Niazime saa." Dada akavua saa mkononi, akampa. Chiriku akaitazama, akamtazama mama yake. "Toka basi," alisema. "Nione."

Misumari akatoka, akafunga mlango nyuma yake.

Jua lilikuwa kali. Watu walipita na mizigo yao. Akaegemea ukuta ule ule wa vumbi la chaki na kuitazama saa ya kinyozi ng'ambo ya barabara. Dakika tatu za kwanza hazikuwa na shida. Ya nne, Yule akaanza.

"Kuna mlango wa nyuma," alisema. "Unaujua. Dada anaujua. Wanakwenda sasa hivi, na wewe umesimama hapa kama mlinzi."

Dakika ya tisa alihesabu matofali. Ya kumi na mbili alisikia bawaba za mlango wa uani zikilia. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kitasa. Maisha yake yote alikuwa amerudi ndani dakika ya pili, ya tatu, kuwashika watu nguo. Aliuondoa mkono kwenye kitasa kwa kuushika na mkono mwingine. Kama wamekwenda, wamekwenda. Alilisema hilo kwa sauti na mpita njia mmoja akageuka kumtazama. Aliogopa kuliko siku yoyote aliyoikumbuka, na aliendelea kusimama, na Yule naye alisimama, hakwenda popote, aliongea mpaka mwisho.

Saa ya kinyozi ilipotimiza dakika ishirini alifungua.

Mlango wa uani ulikuwa wazi kabisa. Mwanga uliingia mpaka katikati ya sakafu, na mwanzoni hakuona kitu kingine. Kisha akamwona dada huko uani, ananawa uso bombani. Akamtafuta Chiriku. Alikuwa ameketi juu ya fremu tupu ya kochi, kati ya springi, mkoba bado mgongoni, macho kwenye saa ya mama yake mkubwa.

"Ishirini na moja," alisema mtoto. "Jumapili fanya ishirini kamili."